Viatu vya Mgumu

Mkuza hakuna mlima. Ukishuka kwenye daladala hapa barabara ya Morogoro, vitu virefu unavyoviona ni nguzo za umeme na mnara wa simu. Huku barabarani ni mchanga, ukiingia mitaa ya ndani unakuta mfinyanzi, na masika ikikolea mfinyanzi ule unashika kandambili yako unabaki nayo. Kila mtu wa huku anaijua ile staili: unatoka nyumbani na gambuti au ndala, viatu vya kazini vimo kwenye mfuko, ukifika lami unaomba maji dukani, unanawa miguu, unabadilisha. Zamani mfuko ulikuwa wa rambo. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 tunatumia vile laini vya kitambaa, ambavyo vinalowa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo swali la kiatu gani kwa njia gani si geni kwetu. Ila kwetu kiatu kibaya kinakuchafua tu. Kwa mdogo wangu kinaweza kumwangusha akiwa na kilo 20 za watu.

Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Mwaka juzi aliacha bodaboda akaenda Moshi, rafiki yake kamwambia kuna kazi ya mlima. Wapagazi wa Kilimanjaro wanajiita wagumu, na yeye jina hilo alilipenda kabla hajaupanda hata huo mlima wenyewe. Wiki ya tatu akanitumia sauti ya WhatsApp: "Dada, nimepata safari ya Machame, siku saba, ila bosi anasema bila buti sipandi. Mimi nina raba tu." Akanyamaza kidogo, halafu sauti ikashuka: "Usimwambie mama kama ni viatu. Mwambie nauli."

Ningeweza kumtumia hela akajinunulie Moshi, soko la Memorial limejaa viatu vya mlimani. Sikutuma, kwa sababu ya kitu nilichokiona Uluguru.

Ilikuwa Aprili, mvua za masika zenyewe. Tulikuwa sita wa chumba kimoja cha habari, tumepanda basi mpaka Morogoro, asubuhi tukaanza kuifuata njia ya Morningside. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa buti ambazo wote tulizionea wivu: ngozi nzito, kamba nyekundu, soli nene. Mtumba, lakini ukiziangalia unasema jamaa katokea Uswisi. Saa moja haikupita, soli ya kulia ikaachama kama mdomo wa kambale. Tukacheka, tukamfunga na kamba. Tulipofika kijito cha kwanza ya kushoto nayo ikaachia, yote, ikabaki nyuma kwenye tope. Tulipoigeuza tuliona kati ya ngozi na mpira wa chini kuna kitu kama mkate uliochacha.

Akaendelea na ile ya kulia iliyofungwa kamba. Sasa kamba ikipita chini ya unyayo, kwenye jiwe lililoota utelezi wa kijani, ni sawa na kukanyaga ganda la ndizi. Alianguka akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika. Tulisikia.

Wakati tunahangaika na mtandio wa kumfungia walitupita kina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni, ndizi kichwani, wengine na ndala, mmoja peku kabisa. Huyo wa peku alisimama, akatupa pole, akamtazama mwenzetu miguuni. "Mvueni hicho kiatu, wanangu. Ndicho kinachomwangusha." Tukamvua. Alishuka peku mpaka mjini, pole pole, na hakuteleza tena.

Buti ile alitaka kuitupa, nikaiomba. Nikampelekea fundi viatu wetu hapa Mkuza, mzee anayekaa chini ya mwembe na sindano yake ya ndoana. Aliminya lile tabaka la kati kwa kidole gumba, likatoka unga. Akageuza kisigino, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Binti yangu, hiki hakijavaliwa. Ona kisigino, hakijalika hata kidogo. Hiki kimekufa kikiwa kabatini."

Nilidhani ni maneno ya kishairi ya wazee. Nikaenda kusoma, kumbe ni kemia. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la kati la poliurethani, sponji nzuri sana, inabeba uzito na haibonyei upesi. Lakini unyevunyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo, wataalamu wanaita haidrolisisi, na kiatu kinachokaa bila kuvaliwa ndicho kinachoharibika vibaya zaidi. Baada ya miaka mitano, saba, kumi, inategemea kimetunzwa wapi, nje kiatu ni kipya na ndani ni makapi. Sasa fikiria safari ya hiyo buti: imekaa miaka kwenye kabati la Mzungu aliyekusudia kupanda mlima asipande, imefungwa kwenye robota, imevuka bahari ndani ya kontena, imefika Dar es Salaam kwenye joto na unyevu wetu. Na sisi tunachagua ile inayong'aa, kwa sababu inayong'aa ndiyo inayoonekana haijachoka.

Ndiyo maana nilikwenda Karume mwenyewe. Kipimo cha mguu nilikipata uani kwetu, kwenye ndala aliyoiacha. Nikaipima kwa uzi, nikafunga fundo, nikaongeza upana wa kidole gumba. Hilo la kidole si urembo. Kupanda kila mtu anakuhofia, lakini kucha zinang'oka wakati wa kushuka, mguu umevimba kwa kutembea siku nzima na vidole vinagonga mbele kila hatua. Na kiatu kinajaribiwa jioni, na soksi nene, wala si asubuhi mguu ukiwa bado umelala.

Pale Karume kijana mmoja akanishika mkono. "Anti, gredi A hii, haina hata doa." Nikaiminya. Nikaikunja. Nikatazama pembeni mwa soli kama kuna nyufa ndogo ndogo, kama za tope lililokauka. Nikafunua ulimi kutafuta lebo, maana baadhi ya makampuni huchapa humo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Akaniuliza kama nimetoka TBS. Viatu vinne nilivirudisha, viwili vikiacha unga mkononi, na yule kijana, kusema haki, naye alishangaa.

Lakini uzima wa soli ni nusu ya jambo, nusu nyingine ni mpira wa chini. Huku mtaani tunaita kashata, kama za tairi, na kama tairi, kashata ya tope siyo ya jiwe. Tope linataka meno marefu yaliyoachana, ili ukinyanyua mguu udongo udondoke. Ndiyo maana watoto wa huku wakitumwa bondeni masika huvaa njumu za mpira, na ni akili. Njumu hiyohiyo kwenye jiwe lililolowa ni balaa, kwa sababu jiwe linataka mpira ulilalie, mpira mwingi na laini. Mpira laini nao unalika haraka. Mtengenezaji anachagua akupe kishikio au akupe miaka, na muuzaji hakuambii alichagua kipi. Mimi huweka ukucha: ukizama kidogo na kurudi, mpira bado una uhai. Ukiteleza kama kwenye sahani, huo umekauka, hata meno yake yawe marefu namna gani.

Hapa jirani kwetu, Kisarawe, kwenye hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kuna somo jingine kabisa. Ule udongo mweupe wa kaolini, unaofaa kutengenezea vyombo vya kauri, ukinyeshewa unakuwa sabuni. Wakimbiaji na watembeaji wa wikiendi kutoka Dar wanakuja na buti za kuzuia maji, na saa sita mchana miguu yao inachemka. Ule utando wa aina ya Gore-Tex una vitundu vidogo sana: mvuke unapita, tone halipiti. Mbinu nzuri, lakini mvuke unahitaji kwenda mahali pakavu zaidi, na Pugu mwezi wa nne nje ni kama ndani. Na maji yakishaingia kwa juu, kwenye soksi, kiatu kisichoingiza maji hakiyatoi pia. Kwa Pugu mimi navaa raba ya wavu yenye meno, inalowa na kukauka njiani.

Rwenzori, upande wa Uganda, wamefika mwisho wa mjadala: kule kwenye vinamasi waongozaji wanavaa gambuti, na mgeni mwenye buti za dola mia tatu anashauriwa aziweke kwenye begi mpaka juu. Napenda sana habari hiyo. Gambuti, kile kiatu cha mkamua ng'ombe.

Kilimanjaro ni kesi ya peke yake kwa sababu ni milima mitatu minne ndani ya mmoja. Machame unaanza na msitu wa mvua na mizizi, unapita kwenye mawe, unafika ukuta wa Barranco ambako unashika mwamba kwa mikono, unalala Barafu, zaidi ya mita 4,600, ambako soksi iliyolowa inaweza kukuondolea kidole. Mgeni ana viatu vya kubadilisha. Kwenye begi la mgumu, viatu vya kubadilisha ni vya mgeni.

Hata soli tunazoziona leo zina maiti nyuma yake. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alikuwa na wenzake kwenye mlima Punta Rasica, Alps, hali ya hewa ikawageuka, na sita wakafa. Enzi hizo ulivaa buti zito za misumari, au viatu vyepesi vya kupandia mwamba ambavyo kwenye theluji havikusaidii. Bramani akaenda kutengeneza soli moja ya mpira yenye meno ya kushika vyote viwili, akaisajili mwaka 1937. Vifupisho vya jina lake ndiyo ile Vibram, kinembe cha njano unachokiona chini ya mtumba. Nilimsimulia fundi. Akauliza, "Na hao sita, nani aliwanunulia viatu?" Sikuwa na jibu, na nimekuwa nikilifikiria swali lake kuliko habari yenyewe.

Maana kwetu jibu linajulikana. Kampuni inadai buti, mgumu anatafuta buti. Mgeni analipia hema, mpishi, choo cha kubebwa, na chini ya yote hayo kuna kiatu kilichotoka kwenye mfuko wa dada wa mtu Kibaha. Moshi lipo shirika, KPAP, linaloazima wapagazi nguo na viatu bila malipo. Nilimwambia mdogo wangu siku ileile ya kwanza. "Dada, vya kuazima watu wanavijua." Ana miaka 24. Niliona hana haki, na nilimwelewa pia, mimi mtoto wa nyumba iliyovalishwa sandaki za plastiki mpaka darasa la tano.

Cha sita ndicho nilichokichukua. Ngozi, kifundo cha mguu kimefunikwa, kashata bado nzima, kamba moja imekatika, rangi imechujuka, kisigino kimelika kidogo. Kiatu kilichovaliwa juzi juzi, basi, na mtu aliyetembea kweli. Sh 85,000 kutoka 120,000. Fundi akakishona uzi kuzunguka soli, "siyo dawa, ni bima tu," nikakituma kwa basi.

Alipiga simu siku ya nane, ametoka lango la Mweka. Vidole vizima, lengelenge moja kisigino cha kushoto. Alichotaka kusimulia ni mwingine: mgumu mwenzake, baba wa watoto watatu, aliyepanda na raba zilizoisha, amevaa mifuko juu ya soksi. "Pale Barranco nilikuwa nyuma yake, dada. Kila akiweka mguu mimi nafumba macho."

Hiyo ilikuwa safari ya kwanza. Juzi katoka ya kumi na nne, na nilimwomba picha ya soli. Nikampelekea fundi simu chini ya mwembe. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akavaa miwani, akaivuta tena.

"Upande wa nje kipara. Njia kavu kitakwenda. Mvua, hapana."

Masika imeshaanza, na ana safari Jumanne, Machame tena. Mshahara wangu unatoka tarehe 28. Leo asubuhi nimemtumia namba ya watu wa kuazima, na picha ileile ya soli nikiwa nimeizungushia duara jekundu. Tiki mbili za bluu. Hajajibu.