Mwenzetu Anakula Bata Norway, Sisi Tukapanda Meli ya Nyasa

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, ingawa stori yenyewe imeanzia kwa staa.

Mtamkumbuka yule msanii wa kike, jina kapuni, aliyetutesa mwaka jana kwa picha za meli. Si yale mameli makubwa kama mtaa mzima, hapana. Kameli kadogo, keupe, ka abiria wachache wenye hela zao. Dada kavaa koti la manyoya, glasi mkononi, nyuma yake milima mieusi imeshuka wima mpaka majini, juu theluji. Kaskazini kabisa mwa Norway huko. Watu walikesha kwenye ile posti, wengine wakimpongeza, wengine wakiuliza nani kalipa. Mimi la nani kalipa halinihusu. Ninachotaka kusimulia ni kilichotokea huku kwetu baada ya zile picha.

Kwenye kikoba chetu cha Lizaboni tuko wanawake 12. Kila mwaka tukishagawana, kuna hela kidogo tunaitenga ya kutoka pamoja. Mwaka jana ilikuwa laki tatu na nusu kwa kila mtu. Zile picha zikaleta vurugu. Kundi moja likasema tuongezee na mkopo juu, twende Zanzibar, tukodi boti ya jioni moja, tuvae nyeupe, tupige picha, na sisi tuonekane. Kundi lingine likasema mkopo wa kupigia picha ni wendawazimu, bora tununue vitenge tugawane.

Tukabishana Jumamosi mbili. Ya tatu akasimama mwenzetu mmoja, nimwite Mama Pacha. Mnamjua mtu wa aina hii: nadhifu, kucha zimepakwa, gauni limepigwa pasi, na kwenye sherehe ndiye anayepangia watu sare. Tangu tumfahamu alikuwa anatuambia kwao ni Njombe mjini. Akasema taratibu, "Kama ni meli na milima inayoingia majini, mbona kwetu ipo."

Mwenyekiti akacheka. "Njombe kuna meli, mwenzangu?"

"Kwetu si Njombe mjini. Kwetu ni Ludewa, mwambao wa Nyasa. Kijiji ambacho gari halifiki."

Jamani, kimya kilichoingia pale! Kwa wasiojua, huku kwetu kuna utani mbaya juu ya watu wa mwambao. Eti washamba, eti hawana barabara, eti wanakula muhogo na dagaa tu. Kwenye kikoba hichohicho utani huo ulishatolewa mara nyingi, na yeye alikuwa anacheka pamoja nasi.

Baadaye, tukiwa wawili, akanieleza na la pili. Alikuwa hajakanyaga kwao miaka tisa. Baba yake alifariki wakati wa masika. Yeye akafunga safari, akafika Ludewa mjini, mvua ikawa haikatiki, njia ya kushuka ziwani imeharibika, na huko chini ziwa limechafuka kiasi kwamba hakuna mwenye boti aliyekubali kutoka. Akasubiri siku mbili, akapigiwa simu kwamba wameshazika. Akageuza kurudi Songea. Tangu hapo, kila akitaka kwenda anajiuliza atamtazamaje mama yake. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, mpaka tisa.

Sasa mimi mtu wa mtandao, usiku ule nikaanza kuchimba habari za ile meli ya Norway. Nilichokuta kilinishangaza. Hizi safari zinazosifiwa za pwani ya kaskazini ya Norway hazikuanza kama starehe. Mwaka 1893 nahodha mmoja, Richard With, alianzisha meli ya ratiba ya kupeleka barua, mizigo na abiria kwa watu wa pwani ile, ambao milima na theluji viliwafungia njia. Huduma hiyo inaitwa Hurtigruten, na mpaka leo njia yake inapita bandari 34, kutoka Bergen hadi Kirkenes, na bado inabeba mizigo na wanavijiji. Watalii walikuja kudandia baadaye, wakaona kumbe safari ya kuwapelekea wanavijiji bidhaa ni tamu hivi. Leo watu wanalipa mamilioni kufuata njia iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wasio na barabara.

Nikasoma haya mbele ya kikoba. Wanne wakabaki na msimamo wao wa vitenge, mmoja akawa na mgonjwa. Tukaondoka saba.

Kutoka Songea unapita Mbinga, kwenye vilima vya Wamatengo na kahawa yao, halafu unateremka mpaka Mbamba Bay. Lami siku hizi imefika hadi ziwani, mwendo wa kama kilomita 170. Ile njia ilikuwa inawatapisha watu zamani. Sisi tuliimba mpaka mwisho. Ilikuwa mwezi wa kumi, upepo wa mwera umeshatulia na masika bado. Ziwa lilikuwa kimya kama chai kwenye kikombe.

Ziwa hili la Tanganyika yetu ya zamani lina meli ya abiria, MV Mbeya II, iliyojengwa hukuhuku nyumbani, wilayani Kyela, ikaanza kazi 2021. Inachukua abiria 200 na mizigo tani 200. Nimewawekea hesabu hiyo makusudi: 200 ndiyo idadi ambayo wenzetu huko Ulaya wanaiita meli ndogo, na wanailipia zaidi kwa sababu ya udogo wake. Tofauti ni kwamba kwetu ukigeuka kulia kuna gunia la mahindi, ukigeuka kushoto kuna jogoo kafungwa miguu, anakuangalia kama mnadaiana.

Kabla jua halijazama tukafika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililokaa majini, wakaona linafanana na lile sanamu la Misri. Na hapo Agosti 1914 ndipo meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa. Inasimuliwa kwamba manahodha wale wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na Mjerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita imeanza. Hapohapo Liuli ndipo alipozikwa mmisionari William Percival Johnson, aliyezunguka vijiji vya ziwa hili kwa miaka mingi mpaka alipofariki 1928. Nilisoma Songea Girls, nikafundishwa mito ya Ulaya, lakini habari hizi za jirani yangu nilizipata nikiwa mtu mzima na watoto.

Usiku wenzangu walilala. Mimi na Mama Pacha tulikaa nje tumejifunika kitenge kimoja. Mbali majini kulikuwa na taa nyingi, nikadhani ni mji. Akaniambia, "Wale ni wavuvi wa dagaa, wanawavuta kwa mwanga." Ndipo nikagundua kwamba yule mtu wa kupangia watu sare anajua kila kitu cha ziwa. Anajua upepo kwa harufu. Anajua lile wingu jeusi linalosimama juu ya maji kama moshi si moshi, ni wadudu wadogo, na kwamba wapo wanaowakamata wakawafinyanga mikate wakala. Anajua samaki aina ya mbasa yuko wapi mwezi gani. Miaka yote tulikuwa tunakaa naye kwenye mikeka, na hakuna hata siku moja aliyotuambia.

Alfajiri, tukiwa tumeshapita Manda, nikafumbua macho nikasema ehee! Milima ya Livingstone imesimama upande wetu kama ukuta. Vilele vyake vinazidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko chini ya mita 500, kwa hiyo hapo ulipo unaangalia juu zaidi ya kilomita nzima na nusu. Na chini yako maji, ambayo sehemu ya kina kirefu yanafika kama mita 700. Jua linatokea nyuma ya milima, kwa hiyo ng'ambo ya Malawi ndiko kunakoanza kung'aa, huku kwetu bado giza na moshi wa majiko. Nyumba zimeshikilia vipande vidogo vya mchanga kati ya mlima na maji. Hakuna barabara, kweli. Ingewekwa wapi?

Tukakaribia Lupingu. Mama Pacha alikuwa ameshaoga, kavaa, kapaka wanja. Halafu akaufuta. Akaupaka tena.

Mama yake alikuwa pale ufukweni. Alikuja na boti kutoka kijijini siku mbili kabla, akalala kwa ndugu, eti asije akapitwa na meli. Mama mwembamba, mrefu, kitenge kifuani. Mwenzangu akashuka, akapiga goti palepale kwenye mchanga. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kimya. Halafu yule mama akamshika mashavu akasema, "Umenenepa. Vizuri." Akachukua begi lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatangulia kwenye boti.

Basi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikukipata.

Wenzetu watano waliendelea na meli hadi Kyela, wakarudi kwa basi kupitia Mbeya na Njombe. Mimi na yeye tukaenda na mama kwa boti ya injini, tukakaa siku mbili. Tulikula ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, tukalala milango wazi tunasikia mawimbi. Siku ya pili asubuhi mama akamwita binti yake, wakapanda kilimani wawili kwenye kaburi la mzee. Mimi nilibaki naosha vyombo ziwani. Waliporudi walikuwa wanabishana juu ya bei ya saruji ya kujengea kaburi, kwa sauti, kama mama na mwana wowote wale. Nikajua yamekwisha.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo yule msanii alikosea? Hapana. Hela ni yake, na milima ile ni mizuri kweli. Mimi naona tu kwamba Wanorwei hawakuona aibu kwa sababu pwani yao haina barabara, wakampandisha mgeni kwenye meli yao ya mizigo wakamwambia karibu. Sisi tumemfanya dada mzima aseme uongo juu ya kwao kwa miaka, wakati kwao ndiko tulikotamani kwenda kwenye picha za mtu mwingine.

Kikoba mwaka huu hakijagawanyika. Hata wale wa vitenge wameshaulizia meli, na utani wa mwambao umepungua. Akiutoa mtu, Mama Pacha anaujibu mwenyewe, na anajibu vibaya.

Kwa mtakaotaka kwenda, mambo machache. Ulizieni bandarini siku ya meli kabla hamjatoka nyumbani, ratiba hubadilika. Miezi ya mwera, kama wa tano hadi wa nane, ziwa lina hasira. Mwenye tumbo jepesi asubiri. Bebeni sweta, hela mkononi na chakula kidogo cha usiku. Msipige watu picha bila kuwaomba. Na mkitoka Mbamba Bay kuelekea Kyela, kaeni upande wa kulia, milima yote iko huko.