Gia za Mkono

Katika klabu yetu hapa Uingereza, sisi wapenzi wa magari ya kasi tumegawanyika. Wengine wetu husema gia za mkono zimepitwa na wakati. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 isiyo na pedali ya klachi. Giaboksi yake, PDK, ina klachi mbili. Gia inayofuata huwa tayari, na mkono wa mtu hauwezi kuifikia kwa wepesi. Hata hivyo mashabiki walinung'unika, na mwaka 2017 gia za mkono zikarudi kwenye GT3. Walitaka kuliendesha gari wenyewe, hata kwa kupoteza kasi kidogo.

Hela ya Porsche hatuna, ila uamuzi tunao: hapa ukifaulu mtihani kwa gari la otomatiki, leseni haikuruhusu kuendesha la gia za mkono. Wengi wetu tumechagua klachi. Tumeshazoea. Kiingereza kwetu hujibadili gia chenyewe. Kiswahili twakibadili kwa mkono, na mara nyingine injini huzimika katikati ya sentensi, bibi akisubiri kwenye simu. Twawasha tena. Bibi hana haraka.