Mkurugenzi wa Michezo Akiondoka: Pullman na Koboko

Mwezi Machi mwaka 2024, Pat Chun, mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilichoko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya mashamba ya ngano, aliiacha kazi aliyokuwa ameishika tangu mwaka 2018, akahamia Seattle kushika kazi iyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Washington, mahasimu wa tangu na tangu wa chuo alichokuwa akikitumikia. Wapenzi wa michezo wa Pullman walihuzunika, na wengine walighadhibika. Ama mimi, mzaliwa wa Koboko nchini Uganda niliyesomea Arua, ambaye riziki yangu sasa iko katika jimbo hili, habari hiyo ilinirudisha kwenye swali ambalo siku nyingi halinipi raha: mtu aliyesimamia michezo ya vijana akiisha kwenda zake, ni kitu gani hubaki nyuma yake, na ni nani anayekishika?

Msomaji wa nyumbani asimdhanie mkurugenzi huyu kuwa ni mwalimu apulizaye filimbi uwanjani. Yeye ndiye aajiriye makocha na kuwaachisha, ndiye ashikaye bajeti ya mamilioni ya dola, ndiye awaendeaye matajiri kuomba michango ya viwanja. Katika zama za Chun, wasichana wa Pullman walitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa shirikisho la Pac-12 mwaka 2023, na wavulana, mwezi ule ule wa kuondoka kwake, waliingia katika mashindano ya taifa ambayo hawakuwa wameyaona tangu mwaka 2008. Lakini katika zama zake hizo hizo shirikisho lenyewe lilisambaratika, vyuo 10 kati ya 12 vikahama kufuata fedha za televisheni, Seattle ikiwa miongoni mwao, na Pullman ikaachwa ukiwa.

Kilichonistaajabisha ni kwamba kiti hakikulala kitupu. Anne McCoy, aliyekuwa mtumishi wa idara ile kwa zaidi ya miaka 20, alikaimu mara moja, makabati yakiwa pale pale na kumbukumbu zikiwa zile zile. Zitazame kumbukumbu hizo: wiki chache kabla ya hapo, tarehe 15 Februari, alikuwa amefariki mwanariadha Henry Rono wa Kenya, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Pullman chini ya kocha John Chaplin, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81, mojawapo huko huko Seattle. Chaplin alistaafu mwaka 1994, na wakurugenzi kadha wa kadha wamepita tangu hapo; hata hivyo mtu akitaka kujua Rono alikimbia wapi, siku gani, na kwa muda gani, atajibiwa hata na karani aliyezaliwa baada ya rekodi zile.

Sasa nautazama upande wetu. Katika shule niliyosoma, mwalimu wa michezo alichora mistari ya uwanja kwa majivu, akaulaza mpira nyumbani kwake usije ukaibwa, akawaendea wazee wa mabinti jioni, mmoja baada ya mwingine, kuwasihi wawaruhusu kukimbia, na akajua bila ya kuandika popote ni mtoto yupi ana pumzi ya masafa marefu na yupi ana kasi ya mita 100. Kisha ikaja barua ya uhamisho. Hakuna gazeti lililoandika, wala hakuna aliyekaimu. Mpira ulikwenda naye kwa kuwa ulikuwa mali yake, na ilimu yake yote juu yetu ilikwenda naye vile vile, hata mwaka uliofuata shule haikupeleka timu katika mashindano ya wilaya.

Sisemi hayo kwa kuipamba Marekani. Mwezi Juni mwaka 2025 chuo hicho hicho cha Pullman kilitangaza kwamba kitaacha michezo ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, kikabakiza nguvu zake katika mbio ndefu, kwa sababu fedha zimepungua; uamuzi ambao mwalimu wetu asingeliutoa kamwe, maana yeye, ingawa alikuwa na mpira mmoja tu, hakumfukuza mtoto yeyote.

Nasi tunaye Rono wetu: Dorcus Inzikuru ni binti wa Vurra, mwanzo wa ile barabara ya kilomita 92 ipitayo Arua na Koboko hadi Oraba. Mwaka 2000 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 huko Santiago, na Agosti 2005, Koboko ikiwa ndiyo kwanza imetengwa na Arua kuwa wilaya, alishinda Helsinki mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, zilizokimbiwa na wanawake kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Masimulizi juu yake hayakosekani mjini Arua, na ni matamu. Lakini je, mbio zake za utotoni zimeandikwa katika daftari la nani?

Nauliza kwa sababu jambo hili lina faida ya dhahiri. Serikali ya Uganda kila mwaka hutenga nafasi 40 za udhamini katika vyuo vya umma kwa ajili ya wanamichezo, na tangu mwaka 2013 tunacho Chuo Kikuu cha Muni pale pale Arua. Binti wa Koboko aombaye nafasi mojawapo hana budi kuthibitisha alichokifanya, ilhali ushahidi wake umo kichwani mwa mwalimu aliyekwisha hamishwa. Basi kila shule kutoka Vurra hadi Oraba na iwe na daftari moja la michezo, liandikwe jina la mtoto, mbio alizokimbia, muda wake na tarehe, litiwe sahihi, na likae katika kabati la mwalimu mkuu, lisikae nyumbani kwa mwalimu wa michezo. Na ofisa wa elimu wa wilaya, kabla ya kumkabidhi mwalimu yeyote barua ya uhamisho, adai kwanza daftari hilo.