Sitara Ina Mpaka



Yapo mambo ambayo sisi watu wa Pwani huyazungumza kwa kunong'ona, na moja ni hili: zimo nyumba za Waislamu ambamo baba, mume au kijana hunywa pombe kisha akashika usukani. Wa nyumbani wajua, na jirani ajua, lakini hakuna anenaye. Kimya hicho twakiita sitara. Maoni yangu, nayatoa kwa heshima kwa mama zangu na dada zangu, ni kwamba sitara ina mpaka, na mpaka wake ni ufunguo wa gari.

Kumsitiri mja ni wema mkubwa. Aibu ya mtu haifai kutangazwa barazani wala harusini. Lakini dhambi iliyo baina yake na Mola wake ni jambo moja, na hatari anayowapelekea wana wa watu ni jambo jingine. Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi hupita Mtwapa na Kilifi, penye masoko na vituo vya matatu. Mtoto anayevuka kwenda chuoni uhai wake ni mzito kuliko jina la ukoo wowote.

Wala tusidanganywe na tiba za mitaani. Kahawa tungu haiondoi pombe mwilini, wala kuoga maji baridi. Ini ndilo liiondoalo, polepole, kwa mwendo wake, nalo halihimiziki. Aliyekunywa sana usiku aweza kuamka alfajiri pombe ingali damuni. Tena, miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema ni busara ya kupima hatari. Ndiyo maana mlevi huapa kuwa yu mzima. Kumwuliza kama aweza kuendesha ni kutaka ushahidi kwa asiyeweza kuutoa.

Wengine husema hiyo ni kazi ya polisi. Ni kweli kwamba Sheria ya Trafiki yakataza, na kipimo cha pumzi, alkoblo, tumekiona barabarani. Lakini askari humkuta dereva akiwa tayari njiani, ilhali sisi tu naye kabla hajawasha gari. Mwaka 1980, huko California, Marekani, binti wa miaka 13 aliuawa na dereva mlevi aliyekwisha kukamatwa zamani kwa kosa lilo hilo. Mamaye, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama cha kupinga uendeshaji wa ulevi. Hakuwa waziri wala hakimu, lakini sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizoisukuma serikali mwaka 1984 kupitisha sheria ya kuyabana majimbo yaweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21.

Sisi tuanzie nyumbani. Mazungumzo yafanywe mchana, mtu akiwa na akili zake, na ikubaliwe nani atakayeshika ufunguo. Watoto wasipandishwe gari lake katika hali ile, hata kama ni safari ya dakika tano. Nauli ya tuktuk ni rahisi kuliko sanda. Tukikodi basi la harusi au maulidi, dereva apewe chakula na mahali pa kupumzika, na mzee mmoja amtazame kabla ya kuondoka. Na mke anayeogopa kupigwa asishindanie ufunguo peke yake: amwite shemeji, ami au mzee wa mtaa mapema. Kumwita mtu wa kusaidia si kumvunjia mume heshima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili, kifo hicho mara nyingi humfika mtu mwingine, aliyekuwa akipita zake.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atupe ujasiri wa kuzuia madhara. Wabillahi taufiki.