Kibuyu cha Maziwa Wakati wa Kiangazi

Januari na Februari ni miezi ya jua katika nchi ya Kajiado. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijaonekana, na upepo unaovuka tambarare za Kapiti huchukua vumbi na kulimwaga mlangoni pa kila nyumba bila kubagua tajiri wala maskini. Saa sita ya mchana hakuna mtu mwenye akili timamu atakaye mchuzi wa moto. Wakati kama huo ndipo chakula chepesi kinapoonyesha thamani yake, na ndipo mama wa nyumba anapojulikana kama ana ujuzi au hana.

Msafiri aiachaye barabara ya Mombasa pale Athi River na kushika njia ya Namanga hufika Kitengela mapema. Mahali hapa palikuwa malisho matupu, na leo ni mji. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 150,000. Kandokando ya njia, wauzaji hupanga maembe yaliyotoka Ukambani, na nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya Kimana na Loitokitok, ambako chemchemi za Kilimanjaro hunywesha ardhi hata jua linapokuwa kali. Basi karani arudiye nyumbani Jumamosi hana haja ya fedha nyingi. Embe moja lililolazwa ndani ya beseni la maji tangu asubuhi, nyanya mbili zilizokatwa nyembamba pamoja na kitunguu na chumvi, ugali wa jana uliopoa, na bakuli la maziwa yaliyoganda: mfalme gani alikula vizuri zaidi mchana wa Februari?

Lakini maziwa hayo yaliganda ndani ya nini? Hapo ndipo watu wanapotofautiana.

Mjini, wengi huyanunua katika duka lenye mashine, wakayaacha usiku mmoja katika mtungi wa plastiki, na asubuhi yameganda. Yanafaa, wala hayana aibu. Hata hivyo, mzee wa Kimasai akionjeshwa hayo atashukuru kwa adabu, kisha ataweka bakuli chini likiwa nusu. Kinachokosekana ni moshi. Katika boma, mama huanza kwa kukiosha kibuyu hata kiwe safi. Kisha huchukua kijiti cha mzeituni wa porini, ambao Wamasai huuita oloirien, akakichoma mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugua huku na huku. Moshi hujaa, hutoka mdomoni polepole, na harufu yake hukaa katika nguo zake mpaka jioni. Baada ya hapo hukung'uta majivu na makaa yaliyobaki na kusugua ndani kwa fagio dogo. Ndipo maziwa humiminwa, kifuniko hutiwa, na kibuyu huachwa kivulini siku kadhaa bila kusumbuliwa. Haraka huyaharibu.

Maziwa hayo huitwa kule naoto. Wataalamu waliyachunguza, na uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2004 ulieleza kwamba vijidudu vinavyotawala humo ni vya jamii ya lactobacillus, ndivyo vinavyoyatia ukali na kuyafanya yasioze upesi. Akina mama hawakungoja habari hiyo. Walijua tangu zamani kwamba kibuyu kisichofukizwa huharibu maziwa na kuumiza tumbo la mtoto, wakafanya walilopaswa kufanya.

Tena kibuyu chenyewe ni kitu cha kutazamwa. Shingo yake ni nyembamba, tumbo lake limekuwa jekundu-jeusi kwa kushikwa na mikono yenye mafuta, na kamba yake ya ngozi imeshonewa shanga nyeupe, nyekundu na buluu. Shanga zilivuka bahari kutoka Ulaya, na kibuyu mara nyingi kilitoka kwa jirani mkulima, kwa kuwa nchi kavu haioti vibuyu vizuri. Lakini vilipokutana mkononi mwa mwanamke wa Kimasai vikawa kitu chake. Kikining'inia ukutani penye giza, na mwale mmoja wa jua ukapita katika tundu na kugusa zile shanga, nyumba nzima huwa imepambwa. Mwenye nyumba ya mabati Kitengela hutundika picha ya kalenda na kutandaza vitambaa vya kufuma juu ya viti, na hilo nalo ni jema; ila mabati saa nane ya mchana hugeuza chumba kuwa tanuri, wakati nyumba ya udongo na samadi, fupi na yenye mlango mwembamba, bado ina ubaridi ndani. Waliojenga kwa mabati hawapendi kukumbushwa jambo hili.

Ni kosa kudhani kwamba mambo haya ni ya kupendeza tu. Tangu mwishoni mwa 2020 mpaka mapema 2023 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na Kajiado ilipoteza ng'ombe wengi. Ng'ombe waliobaki walipelekwa mbali kutafuta majani, wakaondoka na maziwa yao. Katika boma, maziwa ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye hukamua, ndiye hugawa, na mume hana ruhusa ya kujiminia. Kwa hiyo yeye ndiye huamua nani akose. Kibuyu cha mwisho huwekwa kando kwa ajili ya mtoto mdogo na mzee asiye na meno. Watu wazima hunywa chai ya rangi na kunyamaza. Mgeni afikaye siku hiyo akapewa chai yenye maziwa, na ajue amepewa nini.

Na hata mvua ikirudi, malisho hayarudi yote. Mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 yamegawanywa kwa sehemu kubwa. Ua wa waya umefuata, na nyumba zimefuata ua. Aliyeuza ekari zake zote karibu na barabara ana nyumba ya mawe, lakini ng'ombe wake hana pa kusimama. Wengine wamebakiza mmoja au wawili nyuma ya nyumba, wakiwalisha majani ya kununua. Kwa hao kibuyu kingali kinatumika. Mzeituni ukikosekana karibu, mama huagiza kijiti kwa jamaa anayepita kutoka Kajiado, akaking'ata kidogo na kukinusa kabla ya kukipokea, kisha hukifunga katika kitambaa na kukiweka juu ya kabati, mbali na watoto, mpaka jioni ng'ombe akamuliwe.