Mita 140

Nilizaliwa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, na kazi yangu, ya kufikisha ujumbe, niliijua kwanza kwa masikio. Baba mdogo alikuwa mtu wa foni. Jioni aliketi mbele ya redio yake, betri ya gari miguuni, akiita Bunia. Ziwa liko chini, kiasi cha mita 620 juu ya bahari, na Bunia iko huko juu mlimani, kupita mita 1,200. Siku hewa ilipokuwa mbaya sauti haikupanda. Hapo mtu wa Bogoro, aliyekuwa njiani kati yetu na Bunia, angeingilia: "Nimekupata, Tchomia. Ngoja nirudie." Akarudia neno kwa neno, Bunia ikasikia. Baba mdogo aliniambia kazi ya yule wa Bogoro ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu asiposikia vizuri atalirudia kosa kwa sauti kubwa.

Mwaka 2003, vita vilipoingia Tchomia, tulivuka ziwa kwenda Uganda. Nilianza Kampala nikiwa kijana wa kubeba ngazi, na fundi wangu akanifundisha waya wa shaba wa kuunganisha kompyuta: nyuzi 8, jozi 4, kila jozi na msokoto wake ili isidake maneno ya jirani. Akanionya pia: shaba mwisho wake mita 100. Ukipita hapo sauti inafifia na kelele inaishinda.

Nilimsikia, ila siku ya haja ilipofika sikumtii. Septemba 2018 Ebola ilifika Tchomia, na shirika moja likaniita kutoka Bunia, nilikokuwa nimehamia, niunganishe ofisi yake ya Tchomia na ghala la dawa. Nilipima: mita 140. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni bunda moja la shaba, na watu walikuwa na haraka, nikauvuta waya moja kwa moja. Asubuhi taa za swichi ziliwaka kijani. Mchana, joto lilipokolea, orodha za dawa zikaanza kukatika njiani. Mama aliyetunza ghala akaja hadi mlangoni: "Papa fundi, hesabu yangu haifiki. Watu wanangoja." Aibu ile sijaisahau.

Nikakata waya katikati, chini ya mwembe, nikaweka swichi ndani ya sanduku la chuma. Swichi ni mtu wa Bogoro, tena aliye makini zaidi. Inapokea ujumbe, inaukagua, ulioharibika inautupa. Mzima inausoma anwani na kuutoa upya, kwa nguvu mpya, kwenye mlango wa mwenyewe tu. Habu za zamani zilirudia kila kitu kwa kila mtu, hata kilichoharibika. Kutoka swichi ile mita 100 zinaanza kuhesabiwa upya. Orodha zikafika.

Lakini swichi hula umeme, ikabidi tuulete kutoka paneli za jua za ofisini. Kisha mvua zikaja, na usiku mmoja radi ikapiga karibu na mwembe. Shaba haichagui cha kubeba. Asubuhi nilikuta swichi 3 zimekufa, ya ofisini, ya mwembeni na ya ghalani, zikinuka plastiki iliyoungua.

Ndipo nilipoomba faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, ile ya nje isiyo na chuma hata kidogo ndani yake. Kioo hakipitishi radi, na kwa vifaa vya kawaida mwanga unasafiri ndani yake kilomita 10 bila kurudiwa na mtu. Uzi mtupu una unene wa maikroni 125, na njia ya mwanga katikati yake ni maikroni 9 tu. Upepo wa ziwani hubeba mchanga, kwa hiyo maungio tuliyafanyia ndani ya gari, vioo vimefungwa, jasho likitutiririka. Kila kipande nilichokata nilikibandika kwenye utepe na kukihesabu, maana kikiingia kidoleni hukioni tena.

Kompyuta zetu hazikujua mwanga. Kila upande nikaweka kigeuzi: shaba inaingia huku, kioo kinatoka kule. Nikawasha, taa ya faiba ikabaki giza. Kijana wangu akataka kuchungulia ndani ya uzi, nikamshika mkono: mwanga ule hauonekani, na jicho halina akiba. Nikayakagua maungio yote upya, yalikuwa mazuri. Mwishowe nikaona: nyuzi ni 2, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia, nami nilikuwa nimeunganisha mdomo kwa mdomo. Nikabadilisha nafasi zake upande mmoja. Taa ikawaka, na sanduku la mwembeni nikaling'oa siku hiyohiyo.

Baada ya usiku wa kwanza wa radi nilimpigia mama wa ghala alfajiri, nikiwa Bunia, nikamwomba aangalie taa za kigeuzi. "Subiri, Papa fundi," akasema. Nikasikia funguo, mlango wa chuma, hatua zake sakafuni.

"Zote mbili zinapepesa."