Kikulacho

Muhula uliopita mwenzetu mmoja chamani aliamka jicho moja halioni vizuri, kisha mguu ukafa ganzi. Baada ya vipimo daktari akataja MS. Jioni ile tulijazana chumbani kwake, chai ikipoa, tumpigie mama yake Tanga. Sisi tunaojisifia Kiswahili hapa Uingereza tulikuwa tukitafuta maneno.

"Shikamoo mama. Mwilini kuna askari, wanaitwa seli T. Hufunzwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, wamjue adui na mwenyeji. Wachache hupita bila kufuzu. Wakichokozwa, huvuka ukuta wa mishipa ya damu unaolinda ubongo, wakadhani utando wa neva ni adui. Huuchubua kama ganda la waya wa umeme, na ujumbe wa ubongo hukwama njiani."

Mama akanyamaza. Kisha: "Nani kamfanyia?"

Hakuna mtu, tukamwambia. Mwaka 1981 watafiti walichukua seli T zinazoshambulia protini ya utando huo, wakazitia katika panya wenye afya. Panya wakapooza, bila kijidudu chochote.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Dawa je?"

Zipo. Mojawapo huwazuia askari hao wasiingie ubongoni. Haziponyi, ila hupunguza mashambulizi.

Mwenzetu akachukua simu mwenyewe. "Mama, mimi nipo." Tukatoka, tukaenda kupasha chai.

Zamu za kumsindikiza kliniki zinaendelea. Mwenye nafasi atuambie.